Ukoo wa Chuoni: Desturi za Wanafunzi Waliookoka wa Rusizi

Wageni wanaofika Huye au Kamembe, huku kwetu Rwanda, kwa siku mbili tatu, wakalala karibu na mabweni ya wanafunzi, aghalabu hurudi makwao na hukumu moja tu juu ya jumuiya za Kikristo za vyuo vikuu, nayo ni kwamba zina kelele. Husema vijana wa watu wameacha vitabu wakashika ngoma na vipaza sauti, kwamba husinzia darasani kwa sababu usiku walikesha, na kwamba mzazi maskini wa Rusizi aliyeuza ndama au kahawa ya msimu mzima ili mwanawe asome hakumtuma kwenda kuimba. Maneno haya nimeyasikia kwa watumishi wa serikali, kwa wafadhili, na hata kwa ndugu zangu wa damu. Na kwa kuwa hurudiwa na watu wenye heshima zao, na kimya chetu sisi tuliolelewa katika jumuiya hizo kimekwisha kuhesabiwa kuwa ni kukiri, naona sharti niandike kwa urefu yale ambayo mgeni wa siku mbili hayaoni, maana asikiacho akiwa nje ya ukumbi ni wimbo, ilhali kazi inayofanyika ndani ni kuunda ukoo.

Shutuma ya kelele haikuzaliwa na vipaza sauti. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker kule Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kuwa walishikilia kuamka alfajiri, kusali na kuhubiri baada ya kukatazwa. Na miongoni mwao alikuwamo William Nagenda, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri wa uamsho ule uliowaka Gahini, mashariki ya Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea hata Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Wakuu wa Mukono waliisikia sauti ya alfajiri, lakini hawakuitazama vya kutosha desturi iliyokuwa ikikua chini yake, desturi ya watu kuungama makosa yao waziwazi na kuitana ndugu pasipo kujali kabila wala cheo. Miaka zaidi ya themanini imepita, na hukumu ni ile ile.

Sisi watu wa Rusizi, ambayo wazee wetu bado huiita Cyangugu, tuna haki ya pekee ya kusema juu ya mambo haya. Kanisa la Kipentekoste la Rwanda, linalojulikana sasa kwa jina la ADEPR, lilianzia kwetu Gihundwe, hapo hapo Kamembe, mwaka 1940, kwa mikono ya wamisionari wa Kiswidi waliovuka kutoka Congo, ambako kazi yao ilikuwa imetangulia. Na kwa kuwa mto wa Rusizi unaotutenga na Congo ni mwembamba, na Bukavu iliyo ng'ambo yake ni mji wa Kiswahili, nyimbo za Kiswahili hazikuwa ngeni katika makanisa yetu, hata leo kwaya ya Kamembe haioni taabu kuanza kwa Kinyarwanda na kumalizia kwa lugha inayoimbwa ng'ambo. Basi chuo kikuu cha taifa kilipofunguliwa mwaka 1963 Butare, ambayo sasa huitwa Huye, na watoto wetu wakaanza kuvuka Msitu wa Nyungwe kwenda kukitafuta, walikwenda na desturi hizo vifuani mwao. Huko wengine wamo katika GBU, makundi ya Biblia yanayokusanya wanafunzi wa madhehebu mbalimbali, na wengine wamo katika CEP, jumuiya ya wanafunzi Wapentekoste. Wakatoliki nao wana vyama vyao, ambavyo waviandike wenyewe wanaovijua.

Nianze na kupokewa kwa mgeni, maana ndiyo desturi niipendayo kupita zote. Mwaka wa masomo unapofunguliwa, wanajumuiya wa mwaka wa pili na wa tatu hushika zamu kwenye kituo cha mabasi na langoni mwa chuo, na kijana aliyeondoka Kamembe alfajiri, akapita baridi na ukungu wa Nyungwe, anaposhuka na godoro lake lililokunjwa na kukazwa kwa kamba, sanduku la bati na karatasi za usajili mkononi, hukuta mtu asiyemjua amekwisha kulitwaa lile godoro na kulitia kichwani, naye anatangulia kupanda kilima huku akimwuliza jina lake, nyumbani kwao, na kama ametia chochote kinywani tangu asubuhi. Hamwulizi kama ameokoka. Swali hilo lina wakati wake, na anayeharakisha kuliuliza langoni huonywa na wakubwa wake faraghani, kwa kuwa mchovu hahubiriwi kabla ya kulishwa.

Baada ya majuma machache hufika Jumapili ya kugawiwa koo. Wageni huketi mbele, wakubwa nyuma yao, na mmoja baada ya mwingine huitwa kwa jina na kutajiwa ukoo wake, ambao aghalabu umepewa jina la mahali katika Biblia, kama Betheli au Bethania. Papo hapo husimama baba na mama wa ukoo huo, wanafunzi wa miaka ya juu waliochaguliwa kwa tabia zao na si kwa ufasaha wao wa kuhubiri, wakamwendea, wakamkumbatia na kumwambia, "Karibu nyumbani, mwanetu," ingawa huenda wamemzidi miaka mitatu tu, au pengine yeye ndiye aliyewazidi. Tangu saa hiyo ana ndugu. Baba na mama hawa si wachumba, na ni mwiko kwao kuwa hivyo. Nao watoto wa ukoo mmoja hawaposani, kama vile wasivyoposana watoto wa tumbo moja. Watoto hao wakikua na kupewa wana wao, wale wazazi wa kwanza huwa babu na bibi, nao huendelea kuamkiwa hivyo hata baada ya kumaliza masomo na kuajiriwa Kigali.

Wanaosema jumuiya huwatoa vijana vitabuni wangekaa jioni moja katika ukoo kama huo. Asiyeonekana darasani huulizwa na nduguye kabla mwalimu hajamuuliza, aliyeanguka mtihani husomeshwa na dada yake wa mwaka wa juu pasipo kulipa hata senti, na mtoto wa Rusizi anayekwama katika Kiingereza, lugha ambayo tangu mwaka 2008 ndiyo ya kufundishia baada ya Kifaransa kuachwa, huwekewa mtu wa kukaa naye kitako kila jioni mpaka ulimi ulegee. Nimeyaona haya, nimefanyiwa, nami nimewafanyia wengine.

Na chakula! Ile posho ya serikali ambayo wanafunzi huiita buruse ina tabia ya kuchelewa, na inapochelewa ndipo ukoo unapopimwa. Kila mmoja huleta alicho nacho, huyu kilo ya unga, yule maharagwe, mwingine mafuta chini kabisa ya chupa, na mtoto wa Rusizi hutazamiwa kwa hamu kuliko wote kwa sababu kila arudipo kutoka likizo ana mfuko wa sambaza waliokaushwa, wale samaki wadogo waliotolewa Tanganyika na kupandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ndio kitoweo cha fukwe zetu zote. Mama wa ukoo huwachambua sambaza juu ya ungo, akawakaanga kwa kitunguu, harufu ikajaa bweni zima mpaka wasiosali nao wakabisha hodi. Nao hupewa, kwa kuwa sahani ya ukoo haina mpaka wa imani. Mfadhili aliyeniambia kwamba jumuiya hizi huwabagua wengine hakuwahi kukaa kwenye jamvi tunalolia chakula hicho.

Kuna sababu nzito zaidi ya koo hizi kushika mizizi, nayo haifichiki. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wa Cyangugu walikimbilia makanisani, Mibilizi, Shangi na Nyamasheke, nao wakauawa humo. Wengine walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, wakawa wakichaguliwa na kutolewa kwenda kuuawa. Chuo kilipofunguliwa tena mwaka 1995, waliingia humo vijana ambao hawakuwa na mtu wa kumwandika kwenye fomu mahali palipoulizwa jina la mzazi. Mwaka 1996, huko huko Butare, wanafunzi walionusurika waliunda chama chao, AERG, wakajigawa katika familia zenye baba na mama. Sidai kwamba waliookoka ndio waliobuni jambo hili, wala sioni haya kusema kwamba tulijifunza kwa yatima. Mtu aliyeona Wakristo wakiua Wakristo ndani ya nyumba ya ibada hawezi kurudishiwa imani kwa mahubiri, awe mhubiri ni fasaha kiasi gani. Alihitaji kwanza mtu wa kumuuliza jioni kama amekula, na wa kuketi naye mwezi wa Aprili, inapofika tarehe 7 na maombolezo yakaanza, asiseme neno.

Matunda ya desturi hii huonekana siku ya kuposa. Kwetu posa haisemwi na bwana harusi mwenyewe; pande mbili huketi zikitazamana, wasemaji wao wakashindana kwa maneno ya hekima na mafumbo, ng'ombe akatajwa, na msichana haitwi atoke ndani mpaka wazee wake waridhike. Sasa, asiye na wazee ataombwa kwa nani? Binti mmoja wa ukoo wetu wa Bethania, aliyelelewa na nyanya yake kule Nkanka, alipochumbiwa alitujia sisi kabla ya mtu mwingine yeyote, kama desturi inavyomtaka; na siku ilipofika, tulikuja kutoka pande zote za nchi, tukaketi upande wa wazee, mimi, mama yake wa ukoo, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nimejifunga mshanana, vazi letu la sherehe, na nyanya yake kati yetu. Msemaji wa upande wa pili, mzee mjuzi wa mila, alituangalia mmoja mmoja akauliza kwa kufuata kanuni ya mchezo, "Ninyi ndio mliomzaa?" Nyanya akajibu kabla yetu, "Mimi nilimlea, hawa walimzaa mara ya pili." Mzee yule akavua kofia. Ng'ombe akatolewa, naye kwa mila alikuwa wa ukoo wa Bethania.

Juu ya mikesha, mifungo na uchaguzi wa viongozi sina mengi ya kusema. Yapo, yana faida zake na ziada zake, na yamekwisha kusemwa na wengi.

Jambo linaloniumiza ni kuwa koo zenyewe zinafumuka ilhali watu wanabishana juu ya sauti. Wanafunzi wengi sasa hawapati nafasi bwenini. Hupanga geto, yaani vyumba vya mitaani, wawili wawili au peke yao, jioni kila mtu na mlango wake. Mwaka 2018 serikali ilipoyafunga makanisa mengi kwa kukosa usalama wa majengo na kwa kelele, na sheria mpya ikawataka wachungaji wawe na elimu ya theolojia, sikulia, kwa sababu amri nyingi kati ya hizo zilikuwa za haki. Lakini mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga vyuo, mikutano ya koo ilihamia kwenye simu, na vyuo vilipofunguliwa mingi haikurudi jamvini. Simu hupeleka aya ya asubuhi na taarifa ya msiba, hukusanya hata michango, na kwa hayo naishukuru. Haimbebi mtu godoro wala haiketi upande wa wazee.

Kwa hiyo nawaambia wakuu wa vyuo: kama tatizo ni vipaza sauti, vichukueni leo, sisi tutaimba kwa vinywa kama walivyoimba wazee wetu wa Gihundwe. Tunachokiomba ni chumba kimoja cha Jumapili alasiri kisichokatwa katikati na ratiba, na wageni wa mwaka wa kwanza walazwe pamoja walau muhula mmoja. Nasi tuliokwisha kumaliza, tulioko Kamembe, Bugarama na Nyamasheke, tumeanza kuandika daftari la koo, nani alikuwa mtoto wa nani tangu chuo kilipofunguliwa tena baada ya mauaji. Kurasa za miaka ya kwanza zimejaa upesi, kwa sababu kila mtu anamkumbuka mama yake na mama wa mama yake. Zilizotushinda ni za miaka hii ya karibuni, kwa kuwa vijana tunaowauliza hutaja jina la kundi la kwenye simu, wasijue baba yao alikuwa nani.