Je, Wajua? Taa ndogo humwambia fundi nani amenyimwa zamu

Mbinga, mkoani Ruvuma, ni nchi ya kahawa. Kiwandani kahawa hupita kwenye mikanda, vinu na chekeche, na mkanda mmoja ukisimama, kinu hakina cha kukoboa. Katika viwanda vingi duniani mashine kama hizi huongozwa na vidhibiti vya kielektroniki, navyo lazima viwasiliane.

Je, wajua kwamba ipo mitandao ambamo vidhibiti hupokezana zamu ya kusema? Modbus Plus, mtandao ulioundwa na kampuni ya Modicon ya Marekani, huzungusha tokeni, yaani ruhusa ya kusema, kati ya vifaa visivyozidi 64. Kisicho nayo husubiri.

Uzuri wa mtandao huu hasa uko kwenye kutafuta hitilafu. Taa ya kifaa ikimweka mara sita kwa sekunde, mambo shwari. Ikimweka mara mbili kisha ikatulia, kifaa kinasikia wenzake wakipeana tokeni lakini chenyewe hakipewi. Mara tatu: hakisikii kifaa kingine chochote. Mara nne: anwani yake inatumiwa na kifaa kingine.

Kebo nayo hupimwa. Kila mwisho wake hufungwa kizuizi cha umeme cha omu 120, la sivyo mawimbi hurudi nyuma na kuvuruga ujumbe. Vifaa vikiwa vimechomolewa, mita isome omu 60 hadi 80. Ikisoma 120, kizuizi kimoja hakipo.

Kipuri kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika Mbinga. Fundi, hesabu mimweko kabla hujaagiza kidhibiti kipya.