Je, Wajua? Mzee Anasikia, Ila Maneno Hayashiki

Usikivu unaopungua kwa uzee huanzia kwenye sauti nyembamba. Ndani ya kila sikio mna seli za kunasa sauti zipatazo 15,000, na zikifa hazioti tena. Zile za sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa. Kwa hiyo irabu husikika vizuri, lakini s, sh, f na t hupotea: “soka”, “shoka” na “choka” huwa neno moja. Mzee akilalamika kwamba vijana wanamung’unya maneno, kwa masikio yake ana haki. Kumpigia kelele hakusaidii sana. Heri kumtazama usoni na kusema polepole.

Vifaa vya kusaidia kusikia, au shimesikio, vya kisasa hukuza zaidi sauti zile zilizopotea. Siku za mwanzo huudhi: sahani zinagongana, friji inanguruma, hata nyayo zina kelele. Ubongo huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kuzizoea upya. Wengi huvitupia kabatini kipindi hichohicho, hasara tupu. Ila kabla ya kununua, sikio likaguliwe na mtaalamu. Mara nyingine kilichoziba ni nta tu.