Nakala Safi ya Muswada: Kuchapa Matini Bila Maoni na Alama za Wahakiki

1.0 Utangulizi

Muswada wa kitaaluma hupita katika mikono mingi kabla haujawa makala au kitabu. Mwandishi huuandika, wahakiki huusoma na kuusahihisha, na mhariri huulinganisha na taratibu za jarida. Ikiwa ni tasnifu, msimamizi naye huitia maswali yake. Zamani kazi hiyo yote ilifanyika juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu au ya risasi. Ilipokwisha, mpiga chapa aliketi mbele ya taipureta akatoa karatasi nyingine isiyokuwa na alama hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa nakala safi, na ilikuwa kitu kingine kabisa, kilichotengwa na nakala iliyochorwachorwa.

Kompyuta imeuondoa utengano huo. Maneno ya mwandishi, masahihisho ya mhakiki na maswali ya mhariri sasa hukaa pamoja katika faili moja. Nakala safi haiandikwi upya, bali hutolewa kwa amri. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuipata ni ya kiufundi tu, yaani kujua kitufe cha kubofya ili printa isitoe maoni yaliyo pambizoni.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchapa matini bila maoni hayo, lakini yanakusudia pia kuonyesha kwamba karatasi isiyo na alama si lazima iwe nakala iliyokubaliwa. Kuficha alama, kuzifuta, na kuamua juu yake ni mambo matatu mbalimbali. Anayeyachanganya anaweza kuchapa, kwa jina lake, maneno ambayo hakuyaandika wala hakuyakubali.

2.0 Maoni na Mabadiliko

Alama za mhakiki katika programu za kuchakata matini ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni maoni. Maoni ni maelezo yanayoning'inizwa kwenye neno au sentensi bila kuigusa sentensi yenyewe. Yanafanana na hashia za vitabu vya zamani, ambazo ziliandikwa pembeni zikifafanua matini iliyo katikati. Maoni yakiondolewa, matini hubaki ilivyokuwa.

Aina ya pili ni mabadiliko yaliyofuatiliwa. Mhakiki anapowasha ufuatiliaji wa mabadiliko, kila neno analoliongeza huonyeshwa kwa rangi au kwa mstari chini yake, na kila neno analolifuta huonyeshwa limekatwa kwa mstari. Mabadiliko haya hayakai pembeni, bali yamo ndani ya sentensi. Kwa kawaida kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake, na hubaki katika hali ya pendekezo mpaka mtu alikubali au alikatae.

Tofauti hii inaonekana hata katika umbo la ndani la faili. Faili la aina ya docx, ambalo programu ya Microsoft Word imelitumia kama umbo lake la kawaida tangu toleo la 2007, kwa hakika ni furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Maoni ya wahakiki huwekwa katika faili lake peke yake ndani ya furushi hilo. Maneno yaliyoongezwa na yaliyofutwa hubaki katika faili la matini kuu, yakiwa yamezungushiwa alama zinazoonyesha kwamba haya yameingizwa na yale yametolewa. Hivyo neno lililofutwa na mhakiki halijatoka, bali limewekwa tu alama ya kutoka.

Wahakiki wa miswada ya kale wanalijua vizuri kosa la mnakili aliyeiona hashia pembeni akaidhani kuwa ni sehemu ya matini, akaiingiza ndani. Kizazi kilichofuata kilisoma maneno ya mfafanuzi kana kwamba ni ya mtunzi. Kompyuta haikulimaliza kosa hilo. Imelipa njia mpya, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 4.0.

3.0 Jinsi ya Kuchapa Bila Alama

Katika Microsoft Word, mtumiaji hufungua ukurasa wa kuchapa kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl na P kwa pamoja. Chini ya sehemu ya mipangilio kuna orodha ambayo kwa kawaida huonyesha kwamba kurasa zote zitachapwa. Orodha hiyo ikifunguliwa, karibu na mwisho wake hupatikana kipengele cha kuchapa alama za uhariri, nacho huwa na alama ya vema ikiwa hati ina maoni au mabadiliko. Alama hiyo ikiondolewa, taswira ya ukurasa iliyo upande wa pili hubadilika papo hapo, na pambizo lililobeba maoni hutoweka.

Taswira hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Pale ambapo maoni huchapwa pambizoni, programu hupunguza ukubwa wa ukurasa ili kuyapatia nafasi. Maandishi yakionekana madogo kuliko ilivyotarajiwa, na upande mmoja wa karatasi umeachwa kwa visanduku, hiyo ni dalili kwamba alama bado zimo.

Katika LibreOffice Writer utaratibu unatofautiana kidogo. Dirisha la kuchapa lina orodha inayohusu maoni, ambayo humwezesha mtumiaji kutoyachapa kabisa, kuyachapa peke yake, kuyaweka mwishoni mwa hati au mwishoni mwa kila ukurasa, au kuyaweka pambizoni. Chaguo la kutoyachapa ndilo la kawaida. Hata hivyo, orodha hiyo inahusu maoni tu. Mabadiliko yaliyofuatiliwa huchapwa kama yanavyoonekana kwenye kiwambo. Kwa hiyo sharti kwanza mtumiaji azime uonyeshaji wake katika menyu ya kuhariri.

Uangalifu huohuo unahitajika pale ambapo hati haichapwi bali inageuzwa kuwa PDF. Katika Word, dirisha la kuhifadhi katika umbo hilo lina kitufe cha machaguo, na humo mtumiaji huamua ama kutoa hati peke yake ama kutoa hati pamoja na alama zake. Anayepeleka tasnifu kwa mpiga chapa bila kulitazama chaguo hilo huweza kuletewa nakala zilizojalidiwa zenye maswali ya msimamizi wake kando ya kila aya.

4.0 Karatasi Safi Yenye Maneno Yasiyokubaliwa

Hatua zilizoelezwa hapo juu hutoa karatasi inayopendeza macho. Swali linalobaki ni kuhusu maneno yaliyomo ndani yake. Tangu toleo la 2013, Word ina namna nne za kuonyesha hati iliyohakikiwa, na mbili kati ya hizo hazionyeshi alama yoyote. Moja huonyesha hati kana kwamba mabadiliko yote yamekubaliwa, na nyingine huionyesha kana kwamba yote yamekataliwa. Mhakiki akiwa amegusa sentensi, hakuna namna ya kuionyesha bila alama isiyochukua upande mmoja. Mtu anapoondoa alama ya vema na kuchapa, programu humtolea hati kana kwamba kila pendekezo la mhakiki limepita.

Chukuliwe mfano wa makala ya sarufi ambamo mwandishi ameandika: "Katika sentensi Akisoma atafaulu, kiambishi -ki- hudokeza sharti." Mhakiki, huku akiwa na sentensi kama Nilimwona akisoma akilini mwake, anakata neno sharti na kuandika mahali pake kuendelea kwa tendo. Pembeni anaweka maoni kwamba pengine ndivyo ilivyo, na kwamba mwandishi aangalie tena. Mhakiki hakuamua lolote, ila aliuliza. Mwandishi akichapa bila alama, maoni yale yenye neno pengine hutoweka, lakini badiliko hubaki. Msomaji atakuta sentensi isemayo kwamba katika Akisoma atafaulu kiambishi -ki- hudokeza kuendelea kwa tendo. Hilo ni kosa, na litahesabiwa kuwa la mwandishi. Shaka ya mhakiki imegeuka kuwa kauli ya mwandishi, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Hapa ndipo kosa la mnakili wa zamani linaporudi, kwa njia nyingine. Yeye alifanya uamuzi, ingawa ulikuwa mbaya. Mwandishi wa leo huweza kuingiza maneno ya mwingine katika matini yake bila kufanya uamuzi wowote.

5.0 Karatasi Safi, Faili Lisilo Safi

Hatari ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Maneno yaliyoondolewa kwa makusudi huweza kubaki ndani ya faili hata kama karatasi haiyaonyeshi. Mfano mashuhuri ulitokea Oktoba 2005. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na mwendesha mashtaka Mjerumani, Detlev Mehlis, ilikuwa imechunguza kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyepata kuwa waziri mkuu wa Lebanoni, mjini Beirut tarehe 14 Februari 2005. Ripoti yake ilipotolewa, faili la Word lililosambazwa lilikuwa bado na kumbukumbu ya mabadiliko. Mahali ambapo matini ya mwisho ilizungumzia maafisa wa ngazi za juu wa Lebanoni na Syria bila kuwataja, waliofungua kumbukumbu hiyo waliona majina yaliyofutwa. Miongoni mwake yalikuwamo ya Maher al-Assad, ndugu wa rais wa Syria wa wakati huo, na Assef Shawkat, shemeji ya rais huyo. Mehlis alieleza kwamba aliyaondoa majina hayo alipojua kuwa ripoti itatolewa hadharani, kwa kuwa madai hayo hayakuwa yamethibitishwa. Nia ya kuwalinda watu wasiothibitishiwa kosa ilishindwa na faili.

Katika majarida ya kitaaluma jambo hili lina uzito wake. Majarida mengi huwaficha wahakiki majina ya waandishi, na waandishi majina ya wahakiki, ili hukumu itolewe juu ya kazi na si juu ya mtu. Ilhali kila maoni hubeba jina lililosajiliwa katika kompyuta ya aliyeyaandika. Mhariri akimrudishia mwandishi faili kama alivyolipokea kwa mhakiki, siri hiyo huvunjika kwa mbofyo mmoja.

6.0 Utaratibu Unaofaa

Kutokana na maelezo hayo, nakala safi ya kweli hupatikana kwa hatua zenye mpangilio ufuatao:

(a) Kuhifadhi nakala ya faili pamoja na alama zake zote, kwa jina jingine, ili historia ya uhariri isipotee.

(b) Kuzima ufuatiliaji wa mabadiliko. Kuuzima hakuondoi mabadiliko yaliyopo, bali huzuia mapya yasiandikishwe.

(c) Kupitia badiliko moja baada ya jingine na kulikubali au kulikataa. Amri ya kuyakubali yote kwa pamoja itumiwe tu na aliyekwisha kuyasoma yote.

(d) Kufuta maoni yote baada ya kuyajibu.

(e) Kusasisha yaliyomo na namba za kurasa, kwa sababu maneno yaliyokatwa yanapoonyeshwa ndani ya mistari huchukua nafasi na kusogeza kurasa.

(f) Kutumia kikaguzi cha hati, kilichomo katika Word tangu toleo la 2007, kutafuta maoni, mabadiliko na taarifa binafsi zilizosalia. Kikaguzi hiki kinafuata uamuzi wa mwandishi, wala hakiwezi kuchukua nafasi yake.

(g) Kuchapa, kisha kuisoma karatasi yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Anayehitaji karatasi ya kusomea tu anaweza kutosheka na hatua za sehemu ya 3.0, mradi akumbuke kwamba anachosoma ni muswada wa mwandishi uliotiwa mapendekezo ya wengine. Anayepeleka kazi yake kwa mhariri, kwa watahini au kwa mpiga chapa hana budi kuzifuata hatua zote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuchapa bila maoni ni jambo jepesi, na kwamba wepesi huo ndio unaoficha tatizo. Mpiga chapa wa zamani hakuweza kutoa nakala safi bila kuuliza ni neno lipi libaki na lipi litoke. Printa haiulizi. Jukumu la kuuliza limerudi kwa mwandishi, naye hawezi kulikabidhi kwa mashine, kwa kuwa jina litakalosomwa juu ya karatasi ile ni lake.