Namba ya simu ianze na 243 au 260

Ndugu zetu mliohama makwenu, hapa Sakania wengi wana laini mbili, ya Kongo na ya Zambia. Airtel ya pande zote mbili ina namba za 097. Tukiandika 097 tu kwenye kompyuta, habari za mtoto wako aliyepotea zaweza kumfikia mgeni ng'ambo ya mpaka.

Tunapokuandikisha:

1. Kwanza tutafute jina lako, usiandikwe mara mbili.
2. Taja majina yote na kijiji ulikotoka.
3. Ondoa sifuri ya mwanzo, weka +243 kwa Kongo au +260 kwa Zambia.
4. Omba usomewe kabla hatujahifadhi.

Ukibadili laini, tujulishe. Viongozi, msibandike orodha ukutani: mwenye nia mbaya atajua familia zilipo.