NANI ANAISHIKA RAMANI YA MAJI?
Mfumo wa taarifa za kijiografia na huduma ya maji katika Kilwa na pwani ya Lindi

Katika kazi ya kuwapatia wananchi maji, swali la kwanza si fedha wala pampu. Swali la kwanza ni hili: visima viko wapi, vinatoa maji au havitoi, na nani anavitegemea? Ukiliuliza ofisini, utaletewa jedwali. Ukimwuliza mama wa Kivinje mwenye ndoo kichwani, atakujibu papo hapo, na atakuambia pia ni kisima kipi chenye chumvi na kipi hukauka mwezi wa kumi. Makala hii inakusudia kueleza namna ujuzi wa mama huyo unavyoweza kuingizwa katika chombo kiitwacho mfumo wa taarifa za kijiografia, nani hulipwa kuuingiza, na hatimaye unabaki mikononi mwa nani.

Tuanze na chombo chenyewe, maana kimezungushiwa maneno mengi ya kutisha. Ni daftari lililofungwa kwenye ardhi. Kila kisima kina mstari wake: kijiji, aina ya pampu, mwaka wa kuchimbwa, hali yake leo. Mstari huo umefungwa kwenye nukta moja ya longitudo na latitudo, ambayo hupatikana kwa kipokezi kinachosikiliza setilaiti zisizopungua nne. Visima vyote ni tabaka moja. Mipaka ya vijiji ni tabaka jingine, barabara jingine, mito ya Matandu na Mavuji jingine, shule na zahanati jingine. Ramani ya karatasi hujibu swali alilokuwa nalo mchoraji siku alipochora. Matabaka haya yakipangwa pamoja, hujibu hata swali ambalo halikuwapo siku hiyo. Kwa mfano, ni zahanati zipi katika tarafa ya Njinjo zisizo na maji karibu, na je, kuna kisima kilichokufa jirani ambacho kingefufuliwa kwa gharama ndogo kuliko kuchimba kipya?

Sasa tutazame historia, kwa kuwa bila historia hatutaelewa kwa nini tunauliza nani anaishika ramani.

Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ifikapo mwaka 1991. Mikoa ikagawanywa kwa wafadhili ili kila mmoja aandae mpango mkuu wa maji wa eneo lake. Waholanzi walikwenda Shinyanga na Morogoro, Wajerumani Tanga, Wadenmark baadaye wakachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mtwara na Lindi walikabidhiwa Wafini, na kampuni yao ya ushauri, Finnwater, ilikamilisha mpango mkuu wa mikoa hiyo miwili mwaka 1977. Mpango huo ulifuatwa na ujenzi wa visima vifupi na pampu za mkono za Kifini aina ya Nira.

Tusiidharau kazi ile. Ilifanywa bila kompyuta mezani na bila setilaiti, katika miaka ambayo Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha watu, hata kijiji kilichoandikwa leo kesho kikawa mahali pengine. Lakini tutazame mahusiano yaliyokuwamo ndani yake. Mwenye kupima alikuwa mgeni, mwenye kuandika alikuwa mgeni, vipuri vilitoka mbali, na ujuzi wote ulikusanywa katika vitabu vinene vya lugha isiyosomwa na kamati ya maji ya kijiji. Mwanakijiji alionyesha njia, akabeba vifaa, akarudi nyumbani.

Mradi mwingine wa Ufini, uliojulikana kama RIPS, ambao uliendeshwa Lindi na Mtwara kuanzia mwaka 1988 hadi 2005, ulijaribu njia tofauti katika miaka ya 1990. Wanakijiji wenyewe walichora kijiji chao mchangani kwa fimbo, majani na mawe: hapa kisima, hapa msitu, hapa wanapopita wavuvi. Ramani ya mchangani ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba upepo huifuta. Ila ilithibitisha jambo ambalo mpango wa 1977 haukulitilia mkazo, kwamba ujuzi wa mahali upo tayari kwa umma kabla mshauri hajashuka kwenye gari.

Kati ya mwaka 2011 na 2013, vituo vya maji vya vijijini vilipimwa nchi nzima kwa niaba ya Wizara ya Maji, na kazi ya kukusanya taarifa ikafanywa na kampuni ya ushauri. Kumbukumbu 59,400 zilizowekwa hadharani baadaye zilionyesha kuwa takriban asilimia 54 ya vituo vilikuwa vikifanya kazi, asilimia 7 vikihitaji matengenezo, na asilimia 38 havikutoa maji kabisa. Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa yenye hali mbaya zaidi nchini. Ndiyo mikoa ile ile iliyochorewa mpango mkuu mwaka 1977! Ramani peke yake, basi, haipandishi maji.

Ukizichambua kumbukumbu hizo utakuta mengine. Zaidi ya theluthi moja ya mistari ina sifuri mahali pa mwaka wa ujenzi, na zaidi ya theluthi moja ina sifuri mahali pa idadi ya watu, kana kwamba kisima kilichimbwa kwa ajili ya ndege. Visima zaidi ya 1,800 vya Kanda ya Ziwa vimeandikiwa longitudo sifuri na latitudo sifuri, yaani vimo baharini katika Ghuba ya Guinea, ng'ambo ya pili ya Afrika. Hatusemi haya kwa kukebehi. Kazi ya kupita vijiji vya nchi nzima ni ngumu, na bila kazi hiyo tusingejua ukubwa wa tatizo. Tunasema ili ieleweke kwamba kompyuta huheshimu uwongo sawasawa na ukweli, na anayeweza kuutambua uwongo ni yule anayekijua kisima.

Yapo makosa ya kitaalamu yasiyoonekana kwa macho, na halmashauri inayoajiri mshauri yafaa iyajue. Ramani za Serikali za zamani za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Simu na vipokezi hutumia msingi mwingine, WGS 84. Mtu akichanganya misingi hiyo bila kubadilisha hesabu, kisima huhama karibu mita 300. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka makazi, na kituo kimoja kwa watu 250. Kosa la mita 300 katika kipimo cha mita 400 linatosha kukifanya kitongoji chenye kiu kionekane kimehudumiwa.

Hata mita 400 zenyewe zina mtego. Mshauri akiwa Dar es Salaam huchora duara kuzunguka kisima na kuhesabu nyumba zilizomo. Katika pwani ya Kilwa duara hilo huruka hori la bahari, hupita juu ya mikoko, na kumhesabu mwananchi wa ng'ambo ambaye ili afike pale lazima azunguke kwa saa nzima au apande mtumbwi. Pia kuna majira. Mkusanyaji akipita mwezi wa tatu atakuta maji na kuandika "kinafanya kazi". Akipita mwezi wa kumi ataandika kinyume. Katika ardhi ya mawe ya matumbawe maji baridi hukaa kama tabaka jepesi juu ya maji ya bahari, na ukiyavuta kupita kiasi chumvi hupanda. Safu ya chumvi na safu ya majira, kwa hiyo, si mapambo katika daftari la Kilwa.

Mjini hali ni nyingine, ila mantiki ni ile ile. Ramani ya mabomba mara nyingi imo kichwani mwa fundi mzee anayejua kila koki ilipofukiwa. Akistaafu, mamlaka ya maji huanza kuchimba kwa kubahatisha. Kwa mamlaka ya mji kama Lindi, kutembea na fundi huyo kwa wiki chache na kuandika kila koki, kila kipenyo na kila dira kunaweza kuwa na faida kuliko ripoti ya rangi nyingi.

Je, washauri waondoke? Hapana. Mshauri anahitajika, hasa mwanzoni. Linalogombewa ni mkataba. Hadidu za rejea nyingi hudai ripoti na ramani zilizochapwa, navyo huwekwa kabatini. Hazidai kanzidata yenyewe ikabidhiwe katika muundo unaofunguka, wala fundi wa wilaya afundishwe mpaka aweze kuongeza na kurekebisha bila kupiga simu. Leseni ya programu ya kulipia ikiisha, mfumo hulala. Leo kisingizio hicho kimepungua nguvu, kwani QGIS ni programu huria isiyo na leseni ya kulipia, na simu ya kawaida hupokea nukta. Jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wanaweza kuchora mifereji na nyumba za maeneo yanayofurika kwa ustadi wa kutosha.

Suala hili lilipata uzito mpya mwaka 2019, ilipotungwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira iliyounda RUWASA. Huduma ya maji vijijini ilitoka katika halmashauri na kwenda kwa wakala huo, na uendeshaji wa kila siku ukawekwa kwa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Halmashauri imebaki na mipango ya ardhi, shule na zahanati. Ofisi mbili za wilaya moja, basi, zinahitaji ramani moja, na kila moja ikimwajiri mshauri wake tutakuwa na Kilwa mbili zisizolingana.

Kwa maoni yetu mstari wa kila kisima uwe na mlezi kijijini, mjumbe wa chombo cha maji anayejulikana kwa jina, ambaye angalau mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, hutuma hali ya kisima kwa simu. Fundi wa wilaya aihakiki na kuiingiza. Na nakala ya ramani ya kijiji, iliyochapwa kwa Kiswahili, ibandikwe katika ofisi ya Mtendaji, mahali ambapo mama wa ndoo anaweza kuweka kidole na kusema: hapa mmekosea, kisima hiki kilikufa mwaka juzi.