Karanga Isiyoonekana Ndani ya Sombe

Mtoto mwenye mzio wa karanga, maziwa, mayai na ngano kwa pamoja anaweza kukulia Panda, hapa Likasi, akala na kushiba. Wazazi huniuliza kwanza habari ya keki ya sikukuu, na nitaifikia, lakini keki ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni karanga. Huku Likasi karanga imo ndani ya sombe, ndani ya lengalenga, ndani ya uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Imo pia ndani ya kikanda, kinachouzwa sokoni kwa vipande. Asiyekijua hudhani ni nyama, kumbe ni viazi vya okidi ya porini vilivyopikwa pamoja na karanga za kutwanga.

Wapo wanaoamini kwamba sombe ikichemka saa nyingi karanga huisha nguvu. Haiishi. Protini za karanga zinazoamsha mzio huvumilia moto, na zikikaangwa huweza kuwa kali zaidi. Kwa hiyo mtoto huyu apikiwe sombe yake kwa mawese na kitunguu, katika sufuria ya peke yake, na ipakuliwe kwa mwiko wake. Kinu nacho kiwe chake. Mbao hunywa mafuta ya karanga, na nyufa zake hushika unga ambao maji na sabuni haviufikii. Sombe iliyokwisha kutwangwa sokoni usiichukue, maana hujui kilichotangulia ndani ya kinu kile. Na mashini ya kusagia nafaka ni vilevile: ikiwa inasaga soya na karanga pia, unga wa bukari hutoka umechanganyika. Kupeleka mahindi asubuhi kabla ya wengine hupunguza hatari, ila hakuimalizi. Ukiweza, tafuta mashini isiyosaga karanga kabisa.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba ni mzio kweli. Mzio wa hatari kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: ngozi huota vipele vya kuwasha, midomo huvimba, mtoto hutapika, hukohoa au kifua hupiga mluzi. Kuharisha tu baada ya kunywa maziwa mara nyingi ni tumbo kushindwa kuyeyusha sukari ya maziwa, na hilo ni jambo lingine. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba minyoo ya kichocho huweza kufanya damu ionekane ina mzio wa karanga, hali mtoto anakula karanga bila shida yoyote. Daktari anatakiwa aunganishe kipimo na kile mzazi alichokiona kwa macho.

Nasisitiza hili kwa sababu kila chakula kinachoondolewa huacha pengo. Toa karanga, maziwa na mayai kwenye sahani ya mtoto, abaki na bukari na majani, naye atavimba miguu na nywele kugeuka rangi. Hapo shida huwa mbili. Plumpy'Nut, chakula cha tiba wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali, kimetengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Maziwa ya tiba ya hospitali, F-75 na F-100, jina lake linajieleza. Mtoto wetu hawezi kupewa hata kimoja. Basi siku ile ile unapoondoa karanga, weka maharagi au kunde, samaki, nyama kidogo. Ndagala wanaoliwa na mifupa yao hurudisha kalisi ya maziwa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Maziwa ya mbuzi si mbadala: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na karibu watoto wote wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huathirika na ya mbuzi.

Sasa keki. Yai hushikanisha unga, na ngano huupa mvuto wa kubeba hewa. Muhogo unaweza kushika sehemu ya kazi zote mbili ukiivishwa kwanza. Chukua vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo uliolowekwa vizuri, upike na nusu glasi ya maji hadi uwe uji mzito unaong'aa. Uache upoe. Ponda ndizi mbivu tatu, ongeza uji huo, nusu kikombe cha sukari, theluthi ya kikombe cha mafuta, kikombe kimoja cha unga laini wa mahindi na kimoja cha muhogo. Mwisho tia kijiko kidogo cha bikaboneti na kijiko kikubwa cha maji ya limau, kisha oka mara moja, maana povu halisubiri. Tumia vikopo vidogo. Kikubwa huiva kando na kubaki gundi katikati. Vipange ndani ya sufuria yenye mchanga mkavu uliopata moto juu ya mbabula, funika, weka makaa juu ya mfuniko.

Biskuti za dukani zisomwe kila mara, hata zile ulizozizoea, kwa kuwa viwanda hubadilisha viungo. Neno lait si la pekee linalotaja maziwa: lactosérum na caséine ni maziwa pia.

Mwambie nkambo wake, mwalimu wake na mama anayeuza mikate kando ya njia. Wote wajue dalili. Mtoto akilegea, alazwe chini, asiinuliwe kutembea. Kifua kikianza kubana au akihema kwa shida, aachwe aketi. Apelekwe kwenye kituo cha afya akiwa amebebwa. Dawa inayookoa ni adrenalini, sindano ya paja, ambayo muuguzi huipima kwa uzito: mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 0.15. Dawa ya maji ya kutuliza mwasho haiwezi kuchukua nafasi yake. Nenda kituoni leo, mtoto akiwa mzima, uulize kama adrenalini ipo na nani huwa zamu usiku.