Upangie waya wa dishi njia kabla ya kufunga dari

Ukipita mitaa ya Ngokolo au Ndembezi mjini Shinyanga, inua macho utazame mapaa. Madishi ya Azam TV yote yameelekea magharibi. Ya DStv yamelala karibu chali, kana kwamba yanasubiri mvua. Fundi hakuamua hivyo kwa kupenda. Setilaiti zinazorusha matangazo hayo zimepangwa juu ya ikweta, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea, kwa hiyo kutoka Shinyanga unaitafuta kwa pembe ya nyuzi kama 59 upande wa magharibi. Ya DStv iko nyuzi 36, juu ya Kenya, usawa wa Nakuru. Shinyanga ipo nyuzi 33 na ushee, ndiyo maana hiyo ya pili iko karibu utosini. Dishi lililolala namna hiyo hukusanya vumbi na majani, basi lifutwe kabla ya masika.

Kulenga dishi, hata hivyo, ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mzoefu. Kinachowasumbua wengi ni zile mita ishirini au thelathini za waya kati ya dishi na televisheni. Picha ikianza kukatika, mwenye nyumba hulilaumu dishi, ilhali mara nyingi kosa limejificha darini.

Tuanze na kinachopita ndani ya waya huo. Mawimbi kutoka angani hufika yakiwa na masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, ambayo waya wa kawaida hauwezi kuyabeba hata mita chache. LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi, huyashusha hadi megahezi 950 mpaka 2150, kisha huyaongezea nguvu. Kwa upande mwingine, king'amuzi hupandisha umeme kwenye waya huohuo: volti 13 zikienda, LNB huchukua mawimbi yaliyosimama wima, zikienda volti 18, huchukua ya mlalo. Waya mmoja, kazi mbili.

Nguvu hiyo hupungua njiani kama msukumo wa maji ya Ziwa Victoria yanayosafirishwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga: urefu wa bomba unakula, na kila tawi linakula. Mafundi hupima upungufu huo kwa desibeli, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Waya wa aina ya RG6 wenye urefu wa mita 30 hupoteza desibeli zipatazo 9 kwenye masafa ya juu ya setilaiti, maana yake kinachofika sebuleni ni kama sehemu moja ya nane ya kilichotoka kwenye LNB. LNB imetengenezwa kuhimili hasara hiyo. Haikutengenezwa kuhimili waya mwembamba wa bei rahisi, ulioungwa mara tatu kwa kusokota na kufungwa kwa mkanda wa plastiki.

Enzi za analojia, kugawa picha kulikuwa rahisi. Antena moja juu ya mti, spilita moja, na televisheni ya sebuleni na ya chumbani zote zikaonyesha. Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo hiyo, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, hesabu imebadilika. Anayetumia antena ya dijitali ya ardhini bado anaweza kuweka spilita, mradi akubali gharama yake: ya njia mbili hupoteza desibeli 3.5 hadi 4 kwa kila tawi, ya njia nne karibu 7. Mbali na mnara, hapo ndipo kipaza nguvu huhitajika, nacho hufungwa karibu na antena. Ukikiweka nyuma ya televisheni kitapaza mikwaruzo pamoja na picha.

Kwa dishi, spilita ya kawaida haifai kabisa ving'amuzi viwili vikitakiwa kufanya kazi kwa uhuru. Mtoto chumbani akichagua chaneli inayotaka volti 18 na baba sebuleni akawa kwenye volti 13, LNB moja haiwezi kuwatii wote. Dawa yake ni LNB yenye matundu mawili au manne, kila king'amuzi na waya wake kutoka dishini hadi chumbani.

Gesti za Katoro, Geita na Kahama, miji iliyokuzwa na dhahabu, hutumia njia nyingine. King'amuzi kimoja hukaa mapokezi, picha yake hupitishwa kwenye modyuleta inayoigeuza kuwa chaneli ya kawaida, kisha husambazwa vyumbani kwa waya na spilita. Ndiyo sababu wageni wote hulazimika kutazama mpira uleule. Mfumo huo ni sawa kiufundi, ila mkataba wa king'amuzi cha nyumbani hauruhusu biashara. Mwenye gesti aombe kifurushi cha biashara.

Sasa waya wenyewe. Ukienda dukani, nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Menya ncha ya waya, kwangua kidogo ule uzi wa katikati, usogezee sumaku. Ukinasa, ni chuma kilichopakwa shaba. Usiutupe kwa sababu hiyo tu: mawimbi ya masafa haya husafiri kwenye ngozi ya nje ya uzi, hivyo picha hupita vizuri. Tatizo ni umeme unaopanda kwenda LNB, ambao hupita kwenye unene wote, na chuma huupinga kuliko shaba. Kwenye waya mrefu, volti 18 zinaweza kushuka hadi LNB izidhanie kuwa 13. Dalili yake ni chaneli kadhaa kupotea kwa mkupuo huku nyingine zikiwa safi. Ukiona hivyo, usimwache mtu apande kulizungusha dishi. Pima waya kwanza. Kwa safari ndefu, nunua wa shaba tupu.

Ncha nazo zina adabu yake. Konekta ikifungwa, hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa ule wavu wa nje unaouzunguka uzi wa kati uliougusa uzi huo, kwani huo mmoja unatosha kuleta shoti na kuzima LNB. Konekta za nje zivishwe mpira wa kuzuia maji, na waya uachwe uning'inie kidogo chini yake ili tone la mvua lidondoke badala ya kuingia ndani.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Nguzo ya dishi na wavu wa waya viunganishwe na ethi ileile ya umeme wa nyumba, nguzo ikitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 16. Usichimbie ethi ya pili peke yake, maana radi ikipiga jirani, tofauti ya volti kati ya hizo mbili hupitia kwenye king'amuzi. Udongo wa luseni, wa kichanga, hukauka na kuipinga ethi kuliko ule mweusi wa mbuga, hivyo fimbo izamishwe zaidi. Hata hivyo, hakuna ethi inayozuia radi inayopiga dishi lenyewe. Wingu likianza kujikusanya, chomoa plagi na ufungue waya wa dishi mapema, si wakati ngurumo ziko juu ya paa.

Wewe unayejenga sasa hivi, na dari bado haijafungwa, mwambie fundi umeme apitishe bomba tupu kutoka kila chumba hadi sehemu moja karibu na paa, mbali na nyaya za umeme, na kila bomba liweze kubeba waya mbili. Gharama yake leo ni ndogo. Ukisubiri hadi jipsamu ipigwe rangi, utalipia waya, utalipia fundi, kisha utalipia na dari.